Kichwa cha Ribiti Hudanganya

Mafundi wenzangu, vijana mlio kwenye mafunzo, na nyinyi mliokuja kwa sababu tu mna gari kuukuu linalokataa kufa, habari za asubuhi.

Sina picha za kuonyesha ukutani. Nina vipande viwili vya chuma, na naomba vizunguke mikononi mwenu wakati naongea. Kila kimoja ni mabamba mawili yaliyofungwa kwa ribiti moja ya milimita 8, yaani pini ya chuma yenye kichwa upande mmoja, ambayo ncha yake hupigwa mpaka iwe kichwa cha pili. Najua wengine mnasema riveti; sitagombana na mtu kwa hilo, mradi anaipiga vizuri. Tazameni vichwa kwanza. Vyote viwili ni vya duara, laini, vimekaa kama nusu ya gololi. Sasa vigeuzeni. Nimevipasua katikati kwa msumeno wa chuma, nikavipitisha tupa na msasa ili muone tumboni. Kwenye kile chenye rangi nyekundu, shina la ribiti limejaza tundu lote, na mpaka wake na bamba ni mstari mwembamba kama unywele. Kwenye kile cha pili shina limepinda, ubavuni kuna uwazi unaoweza kupitisha ukucha, na pale mabamba yanapokutana chuma cha ribiti kimefura na kuyatenganisha.

Hicho kibaya nimekitengeneza makusudi juzi, kwa ajili yenu. Ila cha kwanza cha aina yake nilikitengeneza bila kukusudia, nikiwa bado mwanafunzi, na kilikuwa chini ya lori.

Lilikuwa lori la zamani, na kishikio cha springi ya nyuma kilikuwa kimelegea kwenye chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari zima. Mwalimu wangu akanipa ribiti sita akaenda zake. Nilizipiga kwa bidii yote. Vichwa vikatoka vizuri kiasi kwamba mafundi wengine walikuja kuchungulia, wakanipiga mgongoni. Mgema akisifiwa, mnajua wenyewe. Kwenye ribiti ya nne na ya tano sikuangalia tena kama mabamba yamegusana. Nilikuwa natengeneza vichwa. Baada ya miezi michache lori likarudi. Chini ya kila kichwa kulikuwa na mchirizi mwekundu wa kutu, mfano wa chozi. Mwalimu hakunifokea. Alinipa drili nizitoe zote, na mashina yakatoka yamepinda. Akayapanga mezani, akasema: "Nilikuomba mguu, wewe umenishonea kofia."

Tangu siku ile siangalii kichwa cha ribiti ya mtu kabla sijauliza habari za tundu lake. Hayo ndiyo nimekuja kuzungumza leo.

Tuanze na jinsi ribiti inavyoshika, maana wengi wanaifikiria kama msumari mfupi wenye vichwa viwili. Ribiti ya baridi, yaani ile unayoipiga bila kuitia moto, inashika hasa kwa kufura. Unapolipiga shina kwenye ncha, chuma hakina pa kwenda ila kutanuka pembeni. Kinajaza tundu mpaka kiukandamize ukuta wake. Baada ya hapo mabamba hayawezi kuteleza hata kidogo, kwa sababu hakuna nafasi ya kutelezea. Kichwa unachokitengeneza mwisho kazi yake ni kuzuia ribiti isichomoke na kuyabana mabamba kiasi.

Ribiti ya moto ni mambo mengine. Ile inaingia ikiwa nyekundu inayokaribia manjano, inapigwa haraka, kisha inapoa. Chuma kikipoa hunywea. Tufanye hesabu ya haraka: mabamba yenye unene wa jumla wa milimita 20, ribiti ikipoa nyuzi 900 za Selsiasi, shina lingetaka kufupika kwa zaidi ya sehemu mbili za kumi za milimita. Mnaona ni kidogo. Lakini vichwa viwili vimeshikilia huku na huku, haviachii, kwa hiyo ule ufupi wote unageuka kuwa mvuto. Ribiti inayavuta mabamba kwa nguvu, nayo yanashikana kwa msuguano. Sasa sikilizeni jambo ambalo watu hulisahau: shina likinywea kwa urefu, linanywea kwa unene pia. Kwa hiyo ribiti ya moto ikishapoa huwa haijazi tundu kikamilifu kama ya baridi iliyopigwa vizuri. Inaishi kwa kubana, na ya baridi inaishi kwa kujaza. Ukichanganya hizo mbili kichwani, utachagua njia isiyofaa halafu utashangaa kwa nini kishikio kinacheza.

Kijana mmoja aliniuliza nje, kabla hatujaingia, kwa nini tusumbuke. Bolti zipo, mashine ya kuchomelea ipo. Swali zuri, na jibu lake liko kwenye chesisi yenyewe. Magari ya zamani, kuanzia yale ya Ford Model T yaliyotengenezwa kati ya 1908 na 1927, zaidi ya milioni 15, yalikuwa na chesisi ya reli mbili zilizounganishwa na vyuma vya kukatiza kwa ribiti. Malori makubwa yaliendelea hivyo kwa miongo mingi baadaye. Chesisi ya namna hiyo haikuundwa iwe ngumu kama jiwe. Inajipinda gurudumu moja likipanda tuta na jingine likishuka shimoni, na viungo vya ribiti vinauvumilia mchezo huo. Ukichomelea kiungo kimoja, unakigandisha mahali ambapo jirani zake wote wanatembea, na ufa unaanza pembeni ya mshono wako. Tena reli za malori mengi ni za chuma kilichoongezewa nguvu kwa moto kiwandani. Moto wa kuchomelea unaiondoa nguvu ile, na huwezi kuirudisha ukiwa umelala chali chini ya gari.

Bolti ni afadhali, na siwezi kusema hazifai. Lakini bolti ya kawaida kwenye tundu la kawaida ina nafasi ya kucheza. Inashika kwa kubana tu, na siku nati ikilegea, inaanza kutwanga tundu mpaka liwe umbo la yai. Kama huna budi kutumia bolti mahali palipokuwa na ribiti, tundu lipitishwe rima, kile chombo cha kuchonga tundu liwe duara sawasawa, bolti iwe ngumu, iingie kwa kugongwa kidogo, na sehemu yake isiyo na nyuzi ndiyo ipite kwenye mabamba yote. Nyuzi zisikae mahali pa kukatwa, pale mabamba yanapokutana na kutaka kuteleza. Ukifanya hayo yote kwa uaminifu utagundua kwamba kazi ni ileile ya ribiti, umebadilisha nyundo tu.

Sasa tuje kwenye gari. Jambo la kwanza ni kujua ribiti ipi imekufa na ipi iko hai, maana sioni fahari ya kung'oa ribiti nzima iliyokaa miaka 70 bila kumsumbua mtu. Safisha matope. Weka kidole upande mmoja, nusu juu ya kichwa na nusu juu ya bamba, halafu gonga upande wa pili kwa nyundo ndogo. Ribiti hai na bamba vinatetemeka pamoja, na sauti ni kali. Iliyolegea utaisikia kidoleni kabla ya masikioni, inaruka peke yake, na sauti yake ni ya kufubaa. Kwenye chuma, ribiti inayocheza hutoa mchirizi wa kutu. Kwenye bodi ya alumini hutoa vumbi jeusi linalofuata upande wa upepo, na mafundi wa ndege wanalitafuta hilohilo kwenye mabawa.

Kuitoa ni kazi inayoharibu kuliko kuipiga. Nimeona matundu mazuri yaliyodumu tangu kiwandani yakiharibiwa kwa dakika moja na mtu mwenye tindo na hasira. Usikate kichwa kwa tindo kwenye bati jembamba. Bati litavutwa pamoja nacho na tundu litakuwa mdomo. Kwaruza kilele cha kichwa kwa tupa kiwe bapa, piga senta panchi kuweka alama ya katikati, halafu toboa kwa biti nyembamba kidogo kuliko shina. Toboa kina cha kichwa tu, usiendelee. Kichwa kikibaki kama pete, kivunje kwa panchi kwa kukiegemeza pembeni. Ndipo utoe shina kwa kuligonga, huku upande wa pili umeegemeza kipande cha bomba ili bamba lisisukumwe. Angalizo moja: kwenye ribiti za zamani kichwa mara nyingi hakikukaa katikati ya shina. Ukitoboa katikati ya kichwa unaweza kuwa unatoboa bamba. Kwa hiyo angalia upande mwingine, linganisha, halafu ndipo uamue katikati iko wapi.

Na hapa tumefika kwenye tundu, mahali ambapo nitakaa kidogo. Mniwie radhi.

Baada ya kutoa shina, pima tundu kwa kalipa pande mbili, wima na ulalo. Likiwa limetanuka upande mmoja, usijidanganye kwamba ribiti itafura na kujaza. Itafura, ndiyo, lakini upande wenye nafasi zaidi utapokea chuma kwanza, shina litapinda, na utapata kile kipande kibaya kilicho mikononi mwenu. Panua tundu kwa rima mpaka liwe duara kamili, kisha tumia ribiti ya saizi inayofuata. Fanya hivyo mabamba yote yakiwa yamefungwa pamoja kwa bolti za muda kwenye matundu ya jirani, ili rima ipite yote kwa mkupuo mmoja. Kuhusu nafasi: ribiti ya baridi ya milimita 6 inaridhika na tundu la 6.2. Ribiti ya moto ya milimita 12 inataka 13, kwa sababu ikiwa moto imetanuka, na haikusubiri ukihangaika kuiingiza.

Ukimaliza kutoboa, yatenganishe mabamba tena. Najua, inaudhi. Lakini kati yake kuna miba ya chuma iliyosukumwa na biti, na mba za kutoboa, na pengine kutu ya zamani iliyovimba. Vyote hivyo ni kabari. Ondoa miba kwa biti kubwa unayoizungusha kwa mkono, mzunguko mmoja au miwili tu. Sugua kutu mpaka chuma king'ae, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha yafunge tena kwa bolti. Shika fila geji, kile kijibati chembamba cha kupimia mwanya, ya sehemu moja ya kumi ya milimita, jaribu kuipenyeza kati ya mabamba karibu na tundu. Ikipenya, hujawa tayari kupiga. Hakuna ribiti itakayoyavuta mabamba kwa hisani yake. Nyundo ikishaanza kazi, shina litafura kwanza mahali penye uwazi, yaani palepale katikati, na kuyazuia yasikutane milele. Hilo ndilo lililonipata na lile lori.

Na ndiyo maana kuna kifaa ambacho vijana wengi hawakijui, kwa sababu ni kidogo na hakina umeme: kipande cha chuma chenye tundu pana kidogo kupita unene wa ribiti. Unakivisha shina, unakigonga mara mbili au tatu, nacho kinayasukuma mabamba yashuke mpaka yakae juu ya kichwa cha kiwandani, kile ribiti inachokuja nacho. Kifaa hichohicho mara nyingi kina kidimbwi cha duara pembeni mwa tundu. Hicho ni kalibu ya kumalizia kichwa. Ukikosa, chukua kipande cha shafti chakavu, toboa. Nusu saa tu.

Urefu wa shina unaobaki nje ndio utakaokuwa kichwa. Kwa kichwa cha duara, acha kama mara moja na nusu ya unene wa shina. Ribiti ya 8 kwenye mabamba mawili ya milimita 5: unene ni 10, ongeza 12, kata kwenye 22. Kwa kichwa kinachozama ndani ya bamba, urefu sawa na unene wa shina au pungufu kidogo unatosha. Lakini hizo ni za kuanzia. Tundu likiwa limelegea kidogo litakunywa chuma zaidi. Kabla ya kazi yenyewe, piga ribiti mbili kwenye vipande chakavu vya unene uleule, kisha ongeza au punguza. Ikiwa ndefu mno, shina litalala ubavu au kichwa kitatoa ukingo kama sketi. Ikiwa fupi, kalibu itauma bamba na kuacha pete kuzunguka kichwa. Pete hiyo ni mahali ufa unapopenda kuanzia.

Matundu nayo yasikae ukingoni. Kuanzia katikati ya tundu hadi ukingo wa bamba pawe angalau mara moja na nusu ya unene wa ribiti, na kwenye alumini mara mbili. Kati ya ribiti na ribiti, mara tatu. Kwenye gari la zamani matundu yamekwishapangwa na waliotutangulia, kwa hiyo hili linakuhusu pale tu unapoongeza kiraka au unapopanua tundu. Panua mara nyingi mno na utakuwa umeukaribia ukingo bila kujua.

Haya, nyundo.

Kichwa cha kiwandani kikae kwenye egemeo, pande la chuma lenye kidimbwi kinacholingana na kichwa hicho. Egemeo liwe zito kuliko nyundo. Egemeo jepesi linaruka kila pigo, na nusu ya nguvu yako inaenda kwenye mkono wa msaidizi wako badala ya shina. Mapigo ya kwanza yawe mazito, ya wima, katikati ya shina. Haya ndiyo yanayojaza tundu. Mtu anayeanza kwa kugonga pembeni ili kichwa kianze kuonekana kizuri amekwisha kufunga mlango: chuma kimetandaza juu, na chini tundu bado wazi. Piga mawili au matatu ya nguvu, uone shina limenenepa, ndipo ugeuze nyundo utumie kisogo chake cha duara kuzunguka kingo, ukikunja chuma kushuka. Malizia kwa kalibu, pigo moja au mawili.

Mapigo yawe machache na ya maana. Chuma kikipigwa kikiwa baridi kinakakamaa. Kila pigo dogo la woga linakifanya kiwe kigumu zaidi na kisichokubali kutembea, na mwishowe kichwa kinapasuka ukingoni. Ukiona nyufa ndogo kama miale ya jua kuzunguka kichwa, ng'oa. Ribiti za shaba unaweza kuzilainisha kwanza kwa kuzipasha hadi wekundu hafifu. Shaba haijali ukiipoza kwa maji. Chuma kipashe, kisha kiache kipoe polepole. Alumini haigeuki nyekundu kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo jicho halikusaidii. Wazee walikuwa wakiipaka sabuni ya kawaida na kuipasha mpaka sabuni iwe nyeusi. Nami bado nafanya hivyo, ila kwa alumini laini tu.

Msaidizi anayeshika egemeo mara nyingi yuko ndani ya bodi, hamuonani. Mafundi wa ndege wana lugha yao ya kugonga, nami nimeiiba: mshika egemeo akigonga mara moja, piga zaidi. Mara mbili, iko sawa. Mara tatu, imeharibika, itoe. Kwa njia yao nyundo hupiga kichwa cha kiwandani na kichwa kipya hutengenezwa upande wa egemeo; mshika egemeo ndiye anayekiona, kwa hiyo neno lake ndilo la mwisho, hata kama ni mwanafunzi wako na wewe una ndevu nyeupe.

Kuhusu moto nitasema kwa kifupi, maana mengi mtayaona kwenye tanuri baadaye. Ribiti za chuma hadi karibu milimita 10 zinaweza kupigwa baridi kwa mkono wenye nguvu. Zaidi ya hapo tafuta moto na watu. Pasha hadi rangi ya machungwa iliyoiva. Ikianza kurusha cheche nyeupe kama kimondo, imeungua, itupe, hata kama ndiyo ya mwisho. Kutoka motoni hadi pigo la kwanza pasiwe na maneno. Na hili ni muhimu: rangi nyekundu ikififia, acha kupiga. Chuma kikishuka kwenye joto la nyuzi 200 hadi 400 hivi, kinapoanza kuwa na rangi ya bluu, kinakuwa kivivu na chepesi kuvunjika. Wengi huharibu ribiti nzuri kwa yale mapigo mawili ya mapambo mwishoni. Na ondoeni tangi la mafuta, si kulifunika tu. Siongezi neno hapo.

Kazi ya moto ilikuwa kazi ya kikosi. Mnara wa Eiffel, uliomalizika 1889, una ribiti milioni 2.5, na kikosi cha ribiti kilikuwa cha watu wanne: wa moto, wa kushikilia, wa kalibu na wa nyundo. Meli ya Titanic ilikuwa na zaidi ya milioni 3. Sehemu ya katikati ya meli ile ilipigwa kwa mashine za shinikizo la maji, ribiti za feleji, chuma cha kisasa cha wakati ule. Mbele na nyuma, ambako mashine hazikufika, walipiga kwa mkono ribiti za chuma cha kufuliwa. Miaka mingi baadaye wataalamu wa metali walichunguza baadhi ya ribiti zile na kukuta takataka nyingi za tanuri ndani ya chuma. Wapo wanaobishana mpaka leo ni kiasi gani jambo hilo lilichangia usiku ule wa 1912. Mimi ninalotaka mlione ni dogo: vichwa vya ribiti zile vilikuwa vizuri tu kwa nje.

Sasa breki na klachi, ambazo wengi wenu mtakutana nazo kabla ya chesisi yoyote.

Kwanza vumbi. Lainingi za zamani, yaani vile vipande vinavyosuguana ndani ya breki na klachi, nyingi zina asbesto. Msilipulize dramu, lile duara la chuma la breki linalozunguka na gurudumu, kwa upepo wa kompresa, wala kwa mdomo, wala msilifagie. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa kibichi, kifunge kwenye mfuko, kitupe kwa utaratibu. Nyuzi zile zinaingia mapafuni na zinaweza kukaa miongo kadhaa kabla ya kuleta saratani. Niliwapulizia wenzangu vumbi hilo usoni kwa miaka, tukicheka. Leo sicheki.

Ribiti za lainingi ni za shaba nyekundu au ya manjano, na shina lake lina tundu nchani. Ulaini wake una sababu: lainingi ikilika mpaka vichwa viguse dramu, shaba inaacha mikwaruzo midogo kuliko ambayo chuma kingeacha. Kichwa kinazama kwenye shimo la lainingi, na ncha yenye tundu inatokeza nyuma ya shuu, kile chuma kilichopinda kinachobeba lainingi, kwa kama theluthi mbili za unene wa shina. Unaifungua kwa panchi yenye koni, ikunjike kama ua na kulala. Huhitaji nguvu. Ukitumia nguvu, lainingi inapasuka chini ya kichwa, mahali usipoona.

Anza na ribiti za katikati ya shuu, uende nje kushoto na kulia. Ukianza na miisho, lainingi inajikunja kama upinde na kubaki imeinuka katikati, nawe umeifungia hewa. Breki hiyo itakuwa laini mguuni na itapiga kelele, na utalaumu pampu. Ibane lainingi kwenye shuu kwa klampu karibu na kila tundu unalopiga. Mwisho, ile fila geji ya sehemu moja ya kumi, kote ukingoni. Kwenye sahani ya klachi pia, piga kwa kukatiza kama unavyokaza nati za gurudumu, na ukumbuke vichwa vinapokezana, hiki kikiangalia huku, kinachofuata kule.

Nani anaulizia ribiti za kuvuta kwa bastola? Nilijua. Zina mahali pake: panapokuwa hakuna njia ya kupeleka egemeo nyuma, na panapokuwa hakuna mzigo mkubwa. Lakini ndani ni tupu, zina shina jembamba lililokatika, maji hupita, na kwenye kukatwa hazifikii ribiti nzima. Nimeona kishikio cha springi kimefungwa kwa hizo. Kilikuwa kimepakwa rangi vizuri.

Na metali msichanganye ovyo. Ribiti ya shaba kwenye bati la alumini ni betri ndogo: maji ya chumvi yakiingia, alumini inaliwa kuzunguka tundu mpaka ribiti inabaki imening'inia peke yake. Chuma kwenye alumini nacho kinafanya hivyo, ingawa polepole. Wenye Land Rover za zamani, zile zilizoanza 1948 na bodi ya alumini, wanaujua ule unga mweupe chini ya vyuma vya pembeni vilivyopigiwa ribiti juu ya bodi. Mkirekebisha, tumieni ribiti za alumini, na kati ya chuma na bati pakeni rangi nzito au wekeni utepe wa kutenganisha.

Vile vipande vyangu viwili vimefika wapi? Naona kimoja kimekwama kwa mzee pale nyuma, anakichunguza kwa miwani. Mpeni muda, halafu vileteni mbele. Mezani kuna jiliwa tatu na mabamba niliyoyatoboa, mengine vizuri na mengine vibaya, na sikuyawekea alama. Kila mtu achukue ribiti mbili, apime tundu kwanza, aamue kama anapiga au anakwenda kwenye rima. Ukishapiga, msumeno uko kwenye ndoano. Pasua ya kwako mwenyewe, usimpe jirani.